Baridi au Unyevu? Uchambuzi wa Hewa katika Mabanda ya Kuku wa Nchi za Theluji

Tangu mwaka 2020, pale maradhi ya korona yalipotia watu hofu juu ya upatikanaji wa vyakula, na hasa tangu mwaka 2022, pale mafua ya ndege yalipoangamiza mamilioni ya kuku wa mayai katika Marekani na bei ya mayai ikapanda, watu wengi wa mijini katika nchi ile, ambao hapo kabla hawakuwa na habari yoyote ya ufugaji, wamejenga vibanda vya kuku wanne, sita au kumi nyuma ya nyumba zao. Miongoni mwao wamo wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda na Kenya, wakafanya maskani katika miji ya Portland na Lewiston jimboni Maine, na pande za Minneapolis jimboni Minnesota. Ni watu ambao wengi wao wamekulia penye kuku tangu utoto, lakini hawakupata kumwona kuku akitembea juu ya theluji.

Kila mwezi wa Novemba uingiapo, wafugaji hawa wapya huuliza swali moja: je, banda lifungwe ili kuku wasife kwa baridi, au liachwe na matundu ili wapate hewa? Majibu wayapatayo hupingana kabisa. Mmoja humwamuru mwenziwe azibe kila ufa. Wa pili humwambia aweke taa ya kupasha joto. Wa tatu husema banda halihitaji hata ukuta wa mbele. Na wa nne hutaja kipimo cha matundu kwa kila kuku kana kwamba ni sheria iliyoandikwa. Makala haya yanakusudia kuzitazama rai hizi moja baada ya moja, kwa insafu, na kuonyesha kila moja imejengwa juu ya msingi gani, ina manufaa gani, na inaanguka wapi.

Maumbile ya kuku mbele ya baridi

Yafaa tuanze na kuku mwenyewe, kwa kuwa hitilafu nyingi za rai huzaliwa na dhana kwamba kuku huona baridi kama mwanadamu aionavyo. Joto la mwili wa kuku ni takriban nyuzi 41 za sentigredi, nalo hulindwa na manyoya yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka, ambayo kazi yake hasa ni kushika hewa iliyotulia karibu na ngozi. Damu ishukayo miguuni ikiwa na joto hupita sambamba na ile ipandayo ikiwa imepoa, zikapeana joto njiani, na hivyo miguu ile mitupu haipotezi joto jingi kama mtu angedhani. Kuku mzima, mwenye afya na manyoya kamili, aliyeingia katika majira ya baridi polepole tangu vuli, huvumilia usiku ulioshuka mbali chini ya sifuri pasipo madhara, maadamu anakula shibe yake na analala mahali pakavu.

Udhaifu wake uko mahali pawili. Pa kwanza ni zile sehemu zisizofunikwa na manyoya, yaani undu wa kichwani, nyama ziningʼiniazo chini ya mdomo, na vidole. Hizi huweza kuganda, zikageuka nyeusi na kufa, na hatari hiyo huzidi sana zikiwa na umande. Pa pili ni njia ya pumzi. Kuku hana kiwambo cha kifuani kama chetu. Hewa aivutayo hupita katika mapafu kwa mkondo wa upande mmoja, ikisukumwa na vifuko vya hewa vilivyotapakaa mwilini mwake, na maumbile hayo, ambayo humpa pumzi kwa wingi, humfanya pia awe mwepesi wa kudhurika kwa vumbi na kwa hewa chafu.

Kwa hiyo maadui wa kuku katika majira ya baridi ni wanne, nao hawana nguvu sawa: baridi yenyewe, ambayo ameumbwa kuipinga, upepo upenyao baina ya manyoya na kuiondoa ile hewa iliyotulia, unyevu utuao juu ya undu na kulowesha manyoya, na hewa kali ya amonia itokayo katika samadi. Aghalabu mfugaji mpya humwona wa kwanza tu, kwa sababu ndiye anayemuumiza yeye mwenyewe atokapo nje alfajiri.

Unyevu watoka wapi, na kwa nini hautoki

Kuku mmoja wa mayai hunywa karibu robo lita ya maji kwa siku. Sehemu yake hutoka ndani ya yai, sehemu hutoka kwa pumzi, na sehemu kubwa hutoka kwa kinyesi, ambacho karibu robo tatu yake ni maji. Maji hayo yote, isipokuwa yale ya yai, huishia ama katika hewa ya banda ama katika matandiko ya sakafuni. Katika banda lililofungwa, mvuke wenye joto hupanda hadi darini, ukakutana na bati au mbao zilizopoa, ukageuka matone kama yale ya chini ya kifuniko cha sufuria. Kukicha matone yamekuwa jalidi, na jua likipiga paa, jalidi huyeyuka na kuwadondokea kuku migongoni.

Hapa ndipo ilipo hesabu ambayo wengi huipita. Hewa ya baridi hubeba maji kidogo sana. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 huweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke. Kwenye nyuzi sifuri hubeba chini ya gramu 5. Na kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri hubeba kama gramu 2.3 tu. Tuseme, kwa mfano, kuku sita watoe gramu 900 za mvuke kwa siku ndani ya kibanda chenye mita 4 za ujazo, nje kukiwa na nyuzi 10 chini ya sifuri na hewa imekwisha jaa mvuke. Ikiwa ndani ya banda pana nyuzi sifuri, kila mita ya ujazo iingiayo na kutoka itachukua takriban gramu 2.5, basi zitatakiwa mita 360 za ujazo kwa siku, yaani hewa yote ya kibanda ibadilike karibu mara nne kwa saa. Ikiwa ndani pana nyuzi 5 chini ya sifuri, kila mita ya ujazo itachukua gramu 1 tu au kupita kidogo, na hewa itatakiwa ibadilike mara 8 au 9 kwa saa.

Sasa tuitazame hesabu hiyo kwa upande wa joto. Kuku mmoja hutoa joto la wati 10 hivi. Kuku sita, wati 60. Kuipasha ile hewa ya mita 360 kutoka nyuzi 10 chini ya sifuri hadi sifuri kwahitaji zaidi ya wati 50. Ina maana kwamba joto la kuku wote, karibu lote, litakwenda katika kupasha hewa iingiayo, na hakuna litakalobaki la kufidia lile lipotealo kwa kuta, paa na sakafu. Natija yake ni dhahiri: banda dogo lenye kuku wachache, lisilo na moto wa kuongezwa, haliwezi kuwa na joto na kuwa kavu kwa wakati mmoja, maadamu maji yote ya samadi yanaachwa yageuke mvuke ndani yake. Ni lazima mtu achague, ama apunguze maji hayo tangu asili yake.

Hesabu hii ndiyo pia ifafanuayo kwa nini maelekezo ya mashamba makubwa huwapotosha wafugaji wadogo. Katika jengo la maelfu ya kuku waliosongamana, joto la miili ni jingi mno kwa kulinganisha na eneo la kuta, na mapangaboi yaendeshwayo kwa vipimo huweza kutoa unyevu bila kuliachia jengo lipoe. Kinachowezekana kwa kuku elfu kumi hakiwezekani kwa kuku sita.

Rai ya kwanza: kufunga na kuhifadhi joto

Wenye rai hii husema kwamba banda liwe na kuta mbili zenye kizuia-joto katikati, nyufa zizibwe, na matundu yawe machache au yafungwe usiku. Hoja yao haikosi msingi. Ukuta uliohifadhiwa haupoi sana upande wa ndani, kwa hiyo matone hayatui juu yake kwa wepesi; na kama tulivyoona, kila nyuzi ya joto iongezekayo ndani huiongezea hewa uwezo wa kubeba mvuke. Kuku asiyepotezewa joto hula chakula kidogo zaidi, na maji ya kunywa huchelewa kuganda.

Kasoro yake ni kwamba watu wengi huchukua nusu moja ya shauri na kuiacha ya pili. Kizuia-joto hupunguza upotevu wa joto, lakini hakiondoi hata tone moja la maji. Banda likihifadhiwa vizuri na kuzibwa vizuri, huwa na joto kidogo, unyevu mwingi, na amonia isiyo na pa kwenda. Bakteria walio katika matandiko mabichi huivunja asidi ya yuriki ya samadi na kutoa amonia, ambayo huchoma macho ya kuku na kuharibu vinyweleo vya koo vizuiavyo vumbi na vijidudu. Kiasi cha sehemu 25 kwa milioni ya hewa hutajwa mara nyingi kama mpaka usiopaswa kupitwa, na pua ya mwanadamu aingiaye humo kila siku huizoea harufu ile akadhani imepungua. Fauka ya hayo, nafasi iliyo kati ya kuta mbili, isipofunikwa barabara, huwa maskani ya panya, na kuku hupenda kulidonoa povu la kizuia-joto kila walionapo.

Rai ya pili: kupasha moto

Wa pili husema: ikiwa joto ni haba, na liongezwe. Kwa mujibu wa hesabu yetu, rai hii ndiyo pekee iwezayo, kwa nadharia, kuleta joto na ukavu pamoja, kwa sharti kwamba matundu yabaki wazi; na huo ndio utata wake, kwa kuwa mwenye kulipia umeme huona uchungu kuuacha utoke nje, akafunga matundu, akarudi katika hasara za rai ya kwanza.

Madhara mengine ni mazito zaidi. Taa ya wati 250, ikiningʼinia juu ya maranda makavu, katika chumba kilichojaa vumbi la manyoya na ndege warukao, imekwisha teketeza mabanda mengi, na mara nyingine moto umefika hadi nyumba ya mwenyewe. Tena, kuku aliyelelewa katika joto hajengi uvumilivu wa baridi. Dhoruba ya theluji ikikata umeme usiku, hutupwa ghafula katika hali ambayo jirani yake asiyepashwa moto ameizoea tangu miezi miwili iliyopita. Rai hii basi inabaki kuwa ya dharura na ya wasiojiweza: vifaranga, wagonjwa, na walionyonyoka manyoya wakati usiofaa. Hata kwa hao, paneli ya joto hafifu iliyofungwa ukutani ina usalama kuliko taa ya kuningʼiniza.

Rai ya tatu: banda lililo wazi mbele

Rai hii huwashangaza wageni, lakini ni kongwe. Mwanzoni mwa karne ya 20, wafugaji wa New England, waliochoshwa na maradhi ya pumzi katika mabanda yaliyofungwa, walianza kuondoa vioo vya mbele na kuweka pazia la kitambaa au wavu mtupu. Daktari Prince T. Woods wa Massachusetts aliitetea njia hiyo kwa nguvu, akatoa kitabu chake mwaka 1912 na kingine mwaka 1924, akieleza banda ambalo upande wake wa kusini uko wazi usiku na mchana hata katika theluji.

Siri yake ni umbo. Banda la namna hii lina kina kirefu kuliko upana wake, kuta tatu na paa zimezibwa pasiwe na ufa, na fito za kulalia ziko nyuma kabisa. Upepo upigao upande wa mbele hukuta hewa isiyo na mlango wa kutokea nyuma, ukasimama. Kuku hulala katika hewa tulivu, kavu, yenye baridi karibu sawa na ya nje. Manufaa yake ni makubwa: hakuna mitambo, hakuna gharama ya umeme, hakuna amonia, na mwanga wa jua la chini la majira ya baridi huingia hadi ndani.

Udhaifu wake ni kwamba umbo likikosekana, siri nayo hukosekana. Mtu mwenye kibanda cha futi 4 kwa 4, akiondoa ukuta mmoja kwa kuwa amesikia habari za Woods, hana nyuma iliyotulia. Amewaweka kuku wake barazani. Halikadhalika, ufa mmoja katika ukuta wa nyuma huigeuza nyumba nzima kuwa mkondo wa upepo. Na kuku wenye undu mkubwa, kama Leghorn, hubaki na hatari katika usiku mkali kupita kiasi, hata hewa ikiwa kavu.

Rai ya nne: matundu ya juu, utulivu wa chini

Rai iliyoenea zaidi siku hizi ni ya wastani: kuta zizibwe kutoka sakafuni hadi juu ya vichwa vya kuku waliolala, na matundu yawekwe chini ya upenu na karibu na mgongo wa paa, pande mbili zinazoelekeana, ili mvuke upandao utoke bila upepo kuwagusa kuku. Upenu mpana huzuia theluji, na wavu wa chuma wenye macho ya nusu inchi huzuia kicheche na rakuni. Njia hii hufaa vibanda vidogo, hurekebishwa katika banda lililokwisha jengwa, na hukubaliana na maumbile ya mvuke, ambao hupanda.

Lakini ina mashaka yake. Kwanza, nguvu inayosukuma hewa kutoka juu hutegemea tofauti ya joto baina ya ndani na nje. Katika kibanda kifupi chenye kuku watatu tofauti hiyo ni ndogo, na usiku usio na upepo hewa hukaribia kusimama. Pili, kile kipimo kinachosikika kila mahali, cha futi 1 ya mraba ya tundu kwa kila kuku, kina wepesi wa kukumbukwa lakini hakisemi tundu liwe kimo gani, lielekee upepo gani, wala paa liwe na kimo kipi. Katika kibanda kidogo cha kununuliwa, futi 6 za mraba za kuku sita zaweza kuwa ukuta mzima, usawa wa vichwa vya kuku. Tatu, matundu yenye vifuniko humshawishi mwenyewe ayafunge katika usiku ulio baridi kuliko yote, ilhali usiku huo ndio ambao hewa hubeba mvuke mdogo kabisa na kwa hiyo inatakiwa ipite nyingi zaidi.

Mizani

Tukiziweka rai hizi pamoja, twaona kwamba ugomvi kati yao ni mdogo kuliko makelele yake. Rai ya tatu na ya nne zinakubaliana katika jambo la msingi: hewa ipite kwa wingi ndani ya banda, na itulie pale kuku anapolala. Zinahitilafiana juu ya njia tu, na njia huamuliwa na kina cha banda. Mwenye banda refu atafuata ya tatu. Mwenye kibanda kifupi atafuata ya nne. Rai ya kwanza ni msaidizi mzuri wa hizo mbili, hasa kizuia-joto kikiwekwa chini ya paa ili kupunguza matone, lakini ikisimama peke yake ni hatari. Ya pili ni tiba ya wachache.

Hata hivyo, hesabu ya maji yaonyesha kwamba rai zote nne huanza zikiwa zimechelewa, kwa kuwa zinajadili namna ya kuutoa mvuke uliokwisha zaliwa. Njia iliyo nafuu kuliko zote ni kuuzuia usizaliwe. Kwa kuwa kuku hutoa samadi nyingi akiwa amelala, ubao uliowekwa chini ya fito na kukwanguliwa kila asubuhi hutoa nje sehemu kubwa ya maji ya usiku kabla hayajageuka mvuke. Chombo cha maji kikiwekwa uani chini ya kipaa, au kikitolewa usiku, huondoa asili nyingine. Matandiko ya maranda makavu, mazito, yakipinduliwa na kuongezwa kabla hayajaloa, hunywa yanayobaki. Na msongamano ukipunguzwa, mizigo yote hupungua pamoja.

Kuna pia uchaguzi wa kuku wenyewe, ambao hufanywa kabla ya msumari wa kwanza kupigwa. Katika monasteri ya Oka, Quebec, mtawa Wilfrid Châtelain alianza mwanzoni mwa karne ya 20 kuzalisha aina iitwayo Chantecler, akikusudia hasa kuku wa Kanada mwenye undu mdogo mno, usio na kitu cha kugandishwa na jalidi; aina hiyo ilionyeshwa hadharani mwaka 1918. Wyandotte na Brahma nao wana undu wa chini. Mwenye kuku wa namna hii ana uhuru wa kuacha banda lake wazi zaidi, na ufito mpana wa kulalia, ambao huwawezesha kufunika vidole kwa manyoya ya tumbo, humaliza sehemu kubwa ya hatari iliyobaki.

Mipaka nayo isisahauliwe. Katika kaskazini ya Minnesota, ambako mji wa Tower ulipata nyuzi 51 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996, zipo siku ambazo hakuna kaida iliyo na dhamana kamili, na kuwahamishia kuku ghalani au gereji kwa siku mbili si kushindwa kwa elimu. Kwa upande mwingine, mfugaji wa Makete nchini Tanzania au Nyandarua nchini Kenya, ambaye baridi yake ni ya ukungu na umande, hana haja ya hesabu kali kama hizi. Lakini kanuni ni ile ile, na jiko la mkaa ndani ya chumba cha vifaranga kilichofungwa huua kwa hewa yenye sumu upesi kuliko baridi inayokimbiwa.

Muhtasari

Kwa ufupi, kuku mzima ameumbwa kuvumilia baridi kavu, wala hakuumbwa kuvumilia baridi yenye unyevu, upepo wala amonia. Banda dogo haliwezi kupashwa joto na kuku wachache na papo hapo likabaki kavu. Kwa hiyo ukavu ndio wa kuchaguliwa, na joto liachiwe manyoya. Maji yapunguzwe kwanza kwa kuondoa samadi na vyombo vya maji; kisha hewa ipewe njia juu ya vichwa vya kuku, au mbele yao kwa mbali ikiwa banda lina kina; kisha kizuia-joto kiwekwe darini kwa mwenye uwezo; na moto uwe wa mwisho, kwa vifaranga na wagonjwa. Vipimo vya futi na inchi ni vya kuanzia tu. Mfugaji na aingie bandani alfajiri kabla hajafungua mlango kwa muda mrefu, ainame hadi kimo cha ufito, avute pumzi, kisha aangalie dari: akikuta jalidi darini au harufu ya kuchoma puani, aongeze matundu siku hiyo hiyo, hata kama theluji inaanguka.